Kunguru wa Kipawa na saa zangu za kuruka

Watu wakisikia kwamba nilianza kujifunza kurusha ndege nikiwa kidato cha tatu, swali la kwanza huwa ni pesa. Nianze nalo liishe. Mjomba wangu ni fundi wa ndege ndogo, kazi yake iko upande wa jengo la zamani la abiria, Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam. Mwenye ndege alikubaliana naye kwamba Jumamosi na siku za likizo nitaosha ndege, nitafagia hanga na kupanga makaratasi, na badala ya mshahara nitaruka na mwalimu kwa bei ya mafuta tu. Mafuta yenyewe si mchezo. Cessna 172 inakunywa lita thelathini na ushee kwa saa, na si petroli unayoikuta kituo cha barabarani. Mama yangu ni mama lishe, banda lake liko Kipawa, mwendo mfupi kutoka kwenye uzio wa uwanja. Wali maharage wake ndio ulionipandisha angani. Bila mjomba na bila wali huo nisingegusa hata mlango wa ndege, na sitaki binti yeyote anayesoma hapa adhani kuna njia ya mkato niliyoificha.

Swali la pili ni umri. Mwanafunzi rubani anaruhusiwa kuanzia miaka 16. Leseni ya rubani binafsi unaipata ukifika 17, ukiwa na saa zisizopungua 40 za kuruka na umefaulu mitihani yake: sheria za anga, hali ya hewa, kusoma ramani na mengineyo. Kabla ya yote unapimwa na daktari anayetambuliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, macho, masikio, moyo, mpaka mkojo. Mimi nilikwenda kupima nikiwa na sare za shule. Nesi akaniuliza nimemsindikiza nani.

Swali ambalo hawaniulizi ni kwa nini.

Nilitaka kuhesabu tembo. Nikiwa shule ya msingi mwalimu wetu wa sayansi alitusimulia jinsi sensa ya wanyamapori inavyofanyika. Rubani anashika kimo cha futi 350 kutoka ardhini, mita mia moja na kidogo, anafuata mstari ulionyooka bila kuyumba. Nyuma yake wanakaa wahesabuji wawili, huyu dirisha la kushoto, yule la kulia. Hawahesabu kila wanachokiona. Wanahesabu wanyama wanaopita kati ya fito mbili zilizofungwa kwenye mhimili wa bawa, kisha wataalamu wanapiga hesabu ya eneo zima. Kwa njia hiyo ndipo ilipojulikana kwamba tembo wa Tanzania walishuka kutoka takribani 109,000 mwaka 2009 hadi 43,000 hivi mwaka 2014. Mtu aliyekuwa chini, porini, angeona mizoga michache upande wake na kusema hali ni mbaya. Ukubwa wa msiba ulionekana kutoka juu. Nilitoka darasani nimeshaamua kuwa yule anayeshika mstari usiyumbe.

Siku ya kwanza nilimweleza mwalimu wangu wa urubani mpango huo. Ni mzee aliyeruka mbugani miaka mingi, sote pale tunamwita Kapteni.

"Shikamoo Kapteni. Mimi nataka kuhesabu tembo."

"Marahaba mwanangu. Tembo wako Ruaha. Hapa Kipawa tuna nini?"

Nikaangalia huku na huku. Nikamjibu hakuna kitu, nyasi tu. Akanyoosha kidole juu ya uzio, mwewe mmoja alikuwa anazunguka taratibu bila kupiga bawa. Akaniambia yule hafiki kilo moja, lakini ukimgonga ukiwa kasi ya kutua anaweza kupasua kioo, na ukiongeza kasi mara mbili kishindo hakiongezeki mara mbili, kinaongezeka mara nne. Fizikia hiyo nilikuwa nimeifanyia jaribio shuleni wiki hiyohiyo na nikapata alama nzuri. Haikuwahi kunijia kwamba inamhusu mwewe.

Alinipa daftari kubwa la shule na masharti. Kila Jumamosi, kabla ya kugusa usukani, nikae juu ya pipa nje ya hanga niandike: saa, upepo unatoka wapi, ndege gani wapo, wangapi, wako upande gani, wanaruka kimo gani. Ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa na mstari mmoja: "ndege wengi weusi". Kapteni akaukata kwa kalamu nyekundu. Wengi ni wangapi? Weusi gani?

(Hata hiyo safu ya saa ilinipa kazi. Usafiri wa anga duniani unatumia saa ya Greenwich. Kwa hiyo saa moja asubuhi ya mama ni saba kwenye simu yangu na nne kwenye makaratasi ya ndege. Kuna wakati nilikuwa najibu "saa ngapi?" kwa kuuliza "ya nani?")

Baada ya miezi kadhaa daftari lilianza kusema. Kunguru walikuwa na ratiba. Alfajiri walivuka kutoka kwenye miti wanakolala kwenda wanakokula, jioni wakarudi njia ileile, kimo kilekile. Mwewe hawakuwa na haraka, walisubiri mpaka saa nne hivi, jua lishike lami na mabati, hewa ya moto ianze kupanda, ndipo nao wapande nayo bila kutoa jasho. Yangeyange walifuata trekta la kukata nyasi, wanaokota panzi nyuma yake. Na baada ya mvua, kumbikumbi wakitoka ardhini, ratiba zote zilivunjika: mwewe, kunguru, mbayuwayu, yangeyange, kila mwenye mdomo alikuwa juu ya nyasi za uwanja. Siku hizo Kapteni alikuwa anakunywa chai ya pili bila kuulizwa, maana hatukuwa na haraka ya kuruka.

Mpaka hapo nilidhani ananifundisha usalama tu, na habari ya kulinda wanyama itakuja baadaye, nikishafika kwenye tembo. Akanisimulia habari ya Michael Grzimek. Yeye na baba yake, Bernhard, walikuja kutoka Ujerumani miaka ya 1950, wakaruka juu ya Serengeti na ndege yao iliyopakwa milia ya pundamilia, wakihesabu nyumbu na pundamilia na kufuatilia wanapohamia. Ni kazi iliyosaidia kuufanya ulimwengu uijue Serengeti. Tarehe 10 Januari 1959, Michael akiwa angani peke yake, ndege yake iligongana na tumbusi. Akafa. Alikuwa na miaka 24. Amezikwa kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, na baba yake alipofariki mwaka 1987 naye akazikwa hapohapo.

Kapteni hakuongeza neno. Mimi nilikwenda nyumbani nikiwa na hasira, sijui nilikuwa namkasirikia nani. Mtu ametoka kwao kuja kuwalinda wanyama, na mnyama huyohuyo ndiye anayemuua bila hata kujua. Nilivyozidi kulifikiria ndivyo nilivyoona kwamba tumbusi hakukosea popote. Alikuwa kwao, kwenye kimo chake, anafanya kazi yake. Ndege yenye injini ndiyo mgeni. Tangu hapo nikawa naliandika lile daftari kwa mkono mwingine kabisa.

Sasa niseme la kiota, maana mjomba hataki nilisahau.

Ndege ilikuwa imekaa chini wiki kadhaa ikisubiri kipuri. Ilipokuwa tayari, mimi ndiye niliyepewa kazi ya ukaguzi wa nje: kuchuja mafuta kidogo kwenye chupa uone kama yana maji, kutikisa bawa, kupapasa ukingo wa propela kutafuta nyufa. Kuna bomba jembamba chini ya bawa linalopima kasi kwa shinikizo la hewa, nyigu wanalipenda sana kujengea, kwa hiyo nalo unaangalia. Nilipochungulia kwa tochi kwenye matundu ya kupitishia hewa ya injini niliona majani makavu. Tukafungua kifuniko. Shomoro walikuwa wamejaza nusu ya nafasi kwa nyasi, nyuzi za mifuko ya salfeti na kipande cha utepe wa zawadi, na katikati mayai.

Nyasi kavu juu ya injini ya moto ni moto. Hakuna mjadala hapo, na sikuleta mjadala. Nilikiinua kiota chote kwa mikono miwili nikakiweka kwenye boksi la vipuri, mjomba akalipigilia ukutani karibu na tundu waliloingilia. Tulisubiri. Shomoro jike alikuja akatua kwenye bawa, akaangalia injini, akaangalia huku na huko, akaondoka. Mayai hayakuanguliwa. Sikutegemea mengine, ila niliona nimalize kuangalia.

Kilichosaidia kilikuwa kitu ambacho hakuna anayehangaika kukipiga picha: vizibo vya sponji. Kila ndege inapolala, matundu yote ya injini yanazibwa na vizibo vyekundu vyenye utepe mrefu ili rubani asivisahau. Vilikuwepo pale hanga siku zote, vimerundikwa kabatini. Nikavishona upya, vilivyochakaa nikavikatia sponji ya godoro. Msimu uliofuata shomoro walijenga kwenye kenchi za paa, wakaangua, na kinyesi chao mimi ndiye niliyekisafisha.

Mazoezi ya kugeuza na kupunguza mwendo tuliyafanyia nje ya jiji. Siku nyingine tulifuata ufukwe wa Kigamboni kwenda kusini, na mara mojamoja asubuhi, kabla watu hawajakanyaga mchanga, unaona alama ya kasa aliyepanda usiku kutaga: mburuzo mpana unaopanda kutoka majini na mwingine unaorudi. Nilimwomba Kapteni tushuke tuone vizuri. Akakataa. Futi mia tano juu ya maji, alisema, na kama unataka kumwona kasa kwa karibu kuna daladala.

Lakini siku nyingi tulielekea magharibi, vilima vya Pugu. Hapo ndipo nilipoliona jiji langu kwa mara ya kwanza. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi umekaa peke yake, kijani kilichokolea, na mabati ya nyumba yameusogelea mpaka ukingoni. Kutoka vilima hivyohivyo unaanza Mto Msimbazi. Ukiwa juu unaufuata kwa macho bila kazi: unatoka kwenye miti, unapita kati ya nyumba, unazidi kubadilika rangi, unapita Vingunguti, unafika Jangwani ambako kila masika tunasikia habari za mafuriko, kisha unaingia kwenye mikoko pale Salenda na kumwagika baharini. Nimezaliwa Dar na nimevuka daraja la Salenda tangu nikiwa mgongoni kwa mama. Sikuwahi kujua kwamba maji yale yametoka msituni.

Msitu huo una komba wa Rondo, mmoja wa komba wadogo kuliko wote, uzito wake gramu 60 hivi. Hapatikani nchi nyingine yoyote. Anaishi kwenye vipande vichache vya misitu ya pwani yetu, na yuko kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Sijamwona. Nilishawahi kwenda na wanafunzi wenzangu na mtu wa misitu, usiku, tukasikia sauti za komba juu ya miti na kuona macho mekundu kwenye tochi, lakini wale walikuwa wakubwa. Nimeridhika kwamba yupo.

Kapteni alinifundisha kusoma moshi. Moshi wa shamba ni mpana, unapanda kwa nguvu na kuisha. Moshi wa tanuri la mkaa ni mwembamba, mweupe, unatoka sehemu moja ileile tangu asubuhi mpaka kesho yake. Nikiuona ndani ya msitu niliandika mahali kwenye ramani, na tukishatua mjomba anapiga simu ofisi ya misitu. Mara nyingine walikuta tanuri kweli. Mara moja walikuta watu wanachoma matofali, tena nje kabisa ya mpaka wa hifadhi, na mwenye tanuri alifoka, ana haki. Kutoka futi elfu mbili unaona moshi, humwoni mtu wala huoni kibali chake. Baada ya hapo niliacha kusema "nimeona wachoma mkaa". Nasema nimeona moshi.

Na nyumbani tunapika kwa nini? Nilimuuliza mama gunia la mkaa lililoegemea bandani limetoka wapi. Akasema limetoka kwenye baiskeli. Na hiyo baiskeli imetoka wapi? "Mwanangu, maharage yanataka saa tatu motoni. Unataka niyapikie mawingu?" Sikuwa na jibu. Tulinunua jiko la gesi kwa ajili ya chai na kukaanga, maharage bado yako kwenye mkaa, na hesabu ya mtungi nimeipiga mara nyingi kuliko hesabu za mtihani wa urubani. Haijatoka.

Babu mzaa mama alikuwa mvuvi Kunduchi. Ndiye pekee katika ukoo aliyeelewa nafanya nini kule angani bila kuelezwa. Njia kuu ya kurukia ya uwanja wetu imelala nyuzi 50 kwa 230, ina urefu wa kilomita tatu. Kaskazi ikivuma, mambo ni mepesi. Likiingia kusi, linaikata njia kwa ubavu. Nilimwambia babu natua na upepo wa ubavu. Akauliza unakupiga kulia au kushoto. Nikasema kulia, nikishuka kutoka upande wa Pugu kuelekea baharini. Akanyanyua miguu yake miwili kwenye mkeka, akasukuma mmoja mbele, mikono akaipeleka upande wa pili, sawasawa kabisa na ninavyofanya mimi kwenye kanyagio na usukani. "Ni ngalawa tu hiyo," akasema, akarudi kulala.

Siku niliyoachiwa ndege peke yangu ilikuwa asubuhi baada ya mvua. Kapteni alishuka injini ikiwa inaunguruma, akaufunga mkanda wa kiti chake usije ukaning'inia, akapiga kelele sikioni: "Duara moja, kisha uje tunywe chai." Ndege bila uzito wake iliruka upesi mpaka nikashtuka. Sikuwa na muda wa kuogopa, kwa sababu kuna mambo mengi ya kufanya na kusema kwenye redio. Lakini jambo moja lilikuwa kichwani tangu nilipoamka: usiku ilinyesha, nyasi zilikatwa juzi yake, na daftari linasema yangeyange siku za hivyo wanakaa upande wa kushoto, theluthi ya kwanza ya njia. Nilipogeuka kuja kutua, mwongoza ndege akatangaza kuna ndege wa porini karibu na njia. Nilikuwa tayari nimekaza macho palepale. Weupe wakanyanyuka kundi zima.

Ndege hai akishtuka mara nyingi anajitupa chini, kwa hiyo rubani anatakiwa apande. Nikasukuma nguvu zote, nikainua pua, nikarudisha flapu, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, kidogokidogo, nikatangaza napanda tena. Wale wakapita chini yangu, mbali. Nikazunguka upya nikatua. Kapteni alikuwa amesimama palepale nilipomwacha.

"Nilikwambia duara moja."

"Yangeyange, Kapteni."

"Wangapi?"

Sikuwahesabu. Nilimwambia hivyo, akaandika mwenyewe kwenye daftari: "kundi, limeonekana mapema". Ndiyo sifa pekee aliyowahi kunipa kwa maandishi.

Daftari lilinijibu wanaruka saa ngapi na wapi. Halikujibu wanakuja kufanya nini. Kwa hilo ilinibidi nishuke nikatafute mwenyewe. Mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga unashauri dampo lisiwe ndani ya kilomita 13 kutoka uwanjani, na wanaolijua jiji letu wanaweza kushika ramani wakajipimia wenyewe, wakianzia machinjio ya Vingunguti, wakipita mitaro ya Kipawa, wakafuata barabara ya Nyerere mpaka ng'ambo ya Gongo la Mboto kuelekea dampo la Pugu Kinyamwezi. Nilizunguka na baiskeli ya binamu yangu. Kila nilipokuta mabaki ya chakula wazi, nilikuta kunguru wangu, na juu yao mwewe. Kundi moja kubwa la asubuhi lililovuka karibu na njia ya kurukia nililifuata nyuma hatua kwa hatua, mtaa kwa mtaa, likanifikisha nyuma ya banda la mama na majirani zake. Pipa limejaa ukoko, mifupa ya samaki, maganda. Halina mfuniko.

Kunguru hawa si wa kwetu. Asili yao ni India na nchi jirani zake. Waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka, wakavuka bara, na kazi waliyoletewa hawajaiacha mpaka leo. Ila hawali taka tu. Wanakula mayai na makinda ya wenzao. Mama anakumbuka minana wakining'iniza viota kwenye mnazi ulio nyuma ya banda, kelele zao zikimwamsha. Mnazi upo, minana hakuna. Hata kunguru wetu wa asili, yule mwenye kifua cheupe, ukitaka kumwona vizuri ni afadhali utoke nje ya jiji.

Mjomba anasema wauawe. Dar na Zanzibar zimeshapita kampeni za kuwatega na kuwawekea sumu, na Kenya ilitangaza mwaka 2024 kwamba inataka kuwaua milioni moja. Mimi sipingi mitego. Nilipoanza nilikuwa naona vibaya mtu anayejiita mlinzi wa wanyama kutaka wengine wauawe, lakini ukishamwona kunguru akitoa kinda la chozi, yule ndege mdogo mnyonya maua, kwenye kiota na kumlisha mwanawe, unaacha kusema mambo kwa urahisi. Ninachobishana na mjomba ni hiki: ukiua nusu na pipa likabaki wazi, nusu waliobaki wanapata chakula mara mbili, na kunguru mwenye shibe anazaa. Yeye ananijibu kwamba kufunika mapipa ya Dar es Salaam yote ni rahisi kusema ukiwa futi elfu mbili.

Basi nilianza na moja. Mama alikubali mfuniko siku nilipomwambia kwamba kunguru wake ndio wanaopita mbele ya kioo changu. Majirani walikubali kwa sababu mama amekubali. Kunguru walijifunza kuinua mfuniko kwa mdomo, wakishirikiana, wawili wakivuta na mmoja akichungulia. Tukaweka tofali juu. Tofali likafanya kazi. Kwenye daftari, safu ya kunguru wa alfajiri kwa upande ule ikapungua, si kwa uwanja mzima, kwa upande ule tu, na Kapteni akanionya nisijisifu kwa takwimu za mapipa manne.

Kisha gari la taka likaacha kuja kwa muda, mapipa yakafurika, mifuko ikawekwa chini, na kunguru wakarudi siku hiyohiyo. Sasa nina miaka 17, saa zangu zinakaribia kutimia, na mtihani wa mwisho hauko mbali. Kila wiki, kabla ya kwenda hanga, ninampigia simu mwenyekiti wa serikali ya mtaa kuuliza gari linapita lini. Binti yake ameniambia kwamba kwenye simu ya baba yake nimeandikwa "Rubani Taka". Anapokea, lakini.